Kilo kwa Kikombe: Mwongozo wa Mpishi Asiye na Mizani

Mizani huna. Tulimalize hilo mapema tusipotezeane muda. Mizani ya dukani ni ya mwenye duka, ya ghalani ni ya chama cha msingi, ya zahanati ni ya watoto wachanga, na ile ndogo ya jikoni uliiona kwenye simu, dada mmoja anapima gramu 350 za mchele huku anatabasamu. Wewe uko Chidya, Masasi, au umepanda mpaka Newala juu. Jua linateremka, wageni wameshaonekana barabarani, na ulicho nacho ni mchele kwenye kiroba, sufuria, na kikombe cha bati kilichokatika kishikio.

Kinatosha. Nitakufundisha kukitumia mpaka watu waape kwamba umeficha mizani uvunguni. Tutapita njia za panya, na zote nimeshazipita mwenyewe, wali ukaiva na watu wakala. Kuna mpaka mmoja tu ambao sitakuvusha. Tukiufikia nitausema waziwazi.

1. Tafuta kikombe, ukikipata usikiache

Kikombe chochote kinafaa, mradi kiwe kilekile leo, kesho na siku ya harusi. Mama mkubwa wangu alikuwa na kopo la maziwa ya unga lililoliwa na kutu ukingoni. Alilifukia kwenye pipa la unga ili watoto wasilichukue kuchezea. Ukichungulia ndani unaona mistari miwili aliyoikwaruza kwa msumari: wa chini wa siku za kawaida, wa juu wa siku mjomba akija. Gramu hakuwahi kuzitaja maishani mwake, na sikuwahi kuukuta wali wake mbichi wala umekuwa uji.

Wewe utazitaja, kwa sababu mwenye duka anauza kwa kilo, kamati ya harusi inapanga kwa kilo, na simu inaandika gramu. Kwa hiyo kipime kikombe chako mara moja, usirudie tena. Chukua chupa ya maji ya nusu lita, ijaze, mimina kikombeni. Maji yakijaza kikombe mara mbili kamili, kikombe chako ni cha robo lita. Robo lita ya mchele mkavu, uliosawazishwa juu, ina gramu 200 hivi. Vikombe vitano, kilo.

Zile gramu 350 za yule dada ni kikombe kimoja na robo tatu. Ukiulizwa, jibu haraka, bila kuangalia juu kama mtu anayekokotoa. Heshima ya mpishi iko kwenye kasi ya jibu.

2. Nane kwa kumi

Kama kikombe chako si cha robo lita, au unapika kwa ndoo, shika kanuni hii moja: lita moja ya maji ni kilo moja, lita moja ya mchele ni gramu 800 hivi. Ya maji sina haja ya kumthibitishia mtu wa uwanda wa juu wa Newala. Kule hakuna mito, na kwa vizazi maji yamechotwa bondeni na kupandishwa kichwani. Mwanamke wa Newala aliyepanda na dumu la lita 20 anajua kwa shingo yake kwamba amebeba kilo 20. Mjazie dumu hilohilo mchele, atakwambia papo hapo kuwa mzigo umepungua. Umebaki kilo 16, kwa sababu kati ya punje na punje pana hewa, na hewa haimwelemei mtu.

Basi ujazo wowote unaouona, toa sehemu mbili katika kumi. Chupa ya nusu lita iliyojaa mchele ni gramu 400. Chupa ya lita moja na nusu ni kilo moja na gramu 200. Sado, lile kopo la rangi la lita 4 ambalo sasa linapimia kila kitu sokoni kuanzia nyanya hadi mbaazi, ni kilo 3 na gramu 200. Ndoo ya lita 10, kilo 8. Kinyume chake ni rahisi vilevile: ukiambiwa kilo, ongeza robo, upate lita. Kilo 4 ni lita 5. Kilo 12 ni lita 15.

Debe ndilo linalowaangusha watu. Debe la bati la zamani lilikuwa la galoni nne, yaani lita 18 na kitu, kwa hiyo mchele wake ni kilo 14 na nusu. Siku hizi watu wanaita debe hata ndoo ya plastiki ya lita 20. Ukisikia "debe", uliza la bati au la plastiki kabla hujafungua mdomo kutaja kilo.

Jiko lolote la bweni, liwe la Chidya, shule kongwe iliyoanzishwa na misheni ya Kianglikana ya UMCA, au la Ndanda kwa Wabenediktini, haliwezi kukwepa hesabu hii: stoo inaandika kilo kwenye daftari, mpishi anachota kwa ndoo. Mpishi wa bweni anayeijua ndoo yake hahitaji kalamu.

3. Sawazisha

Hapa usifanye haraka. Kikombe kimoja kinaweza kutoa majibu matatu tofauti na yote yakaitwa kikombe.

Chota mchele, uache na kilele chake, na umeshaongeza kiasi ambacho wewe mwenyewe hukijui, maana kilele cha leo si cha jana. Gonga kikombe mezani mara tano, utaona mchele unashuka chini ya ukingo kama mtu anayekaa vizuri kitini, na nafasi imepatikana ya kuongeza kijiko au viwili. Mimina taratibu bila kugonga, umepata mchele mwepesi. Wauzaji wanazijua njia hizi zote tatu, na wanajua lini watumie ipi.

Wewe shika moja: chota mpaka kilele, usigonge, kisha pitisha mgongo wa kisu ukingoni mara moja kutoka upande mmoja hadi wa pili. Kinachoanguka kirudi kirobani. Fanya hivyo kila mara, hata ukiwa peke yako. Zile gramu 200 nilizokupa ni za kikombe hicho, kilichofutwa kwa kisu.

Na upime kabla ya kuosha. Mchele uliolowa umebeba maji, ukiupima unapima maji pamoja nao. Tena angalia chenga. Mchele uliovunjikavunjika unajipanga kwa kubanana, hivyo kikombe chake ni kizito kidogo kuliko cha mchele wa punje ndefu nzima, na ukiiva unashikana. Kama kiroba chako kina chenga nyingi, punguza kijiko kimoja kwa kila kikombe, hakuna atakayejua.

Mpunga usiuingize kabisa kwenye hesabu hii. Ukiwa na maganda ni mwepesi, na gunia la kilo 100 likitoka mashineni linakupa mchele kilo 60 na kitu, kutegemea mashine na mpunga wenyewe. Mtu akikuahidi "debe la mpunga" kama mchango wa sherehe, mshukuru sana, kisha andika kwenye daftari nusu ya ulichofikiria.

4. Kama kikombe hukiamini, jenga mizani

Saa nyingine roho haitulii. Dawa ipo na haigharimu kitu. Tafuta fimbo iliyonyooka, urefu wa mkono wako. Ifunge kamba katikati, itundike kwenye tawi la mkorosho au boriti ya jikoni. Ning'iniza ndoo mbili ndogo zinazofanana, moja kila ncha, na usogeze kamba ya katikati mpaka fimbo ilale sawa kama maji ya kisima. Ndoo moja weka chupa ya lita moja iliyojaa maji. Ndoo ya pili weka chupa tupu ya aina ileile, ili uzito wa plastiki usiibe kitu, kisha anza kumimina mchele ndani ya ndoo hiyo.

Mimina polepole mwishoni. Fimbo itainama, itasita, itaanza kuinuka. Ikilala sawa, una kilo moja ya mchele. Nimeifanya hii mbele ya watoto wa jirani wakanyamaza kimya, na mmoja akaniuliza kama inaweza kumpima kuku. Inaweza, ukimfunga miguu.

Sasa ichote ile kilo kwa kikombe chako na uhesabu. Vikija vitano, kikombe chako ni cha robo lita. Vikija vinne na nusu, au sita, hiyo ndiyo namba ya kikombe chako mpaka kitakapotoboka. Sahau mizani ya fimbo, teremsha ndoo, rudi jikoni.

5. Viganja viwili na pishi

Siku ambayo hata kikombe hakipo, una viganja. Na usidhani hiki ni kipimo cha kienyeji cha kuonewa haya. Zaka ya fitri, ambayo Mwislamu huitoa kabla ya swala ya Idi, iliwekwa kwa ujazo tangu mwanzo: pishi moja ya chakula kwa kila mtu wa nyumba. Pishi ni vibaba vinne, na kibaba kimoja ni viganja viwili vya mtu wa wastani vikiunganishwa na kujaa. Duniani hakukuwa na kilo wakati huo.

Ndiyo maana kila Ramadhani ikielekea ukingoni suala la ujazo na uzito linarudi misikitini, Masasi kama Zanzibar, kama Mombasa: pishi ya mchele ni kilo ngapi? Wengi hutaja kilo 2 na nusu, wengine hupanda mpaka 3 ili wawe upande wa salama. Wote wana sababu, kwa kuwa pishi hupima nafasi, na nafasi moja ikijazwa ngano, tende au mchele haitoi uzito mmoja. Mzee mmoja wa jirani yetu hakubishana na mtu. Alijaza viganja vyake mara nne kwenye ungo, akaongeza vya tano, akasema hicho cha tano ni cha kuziba midomo.

Kwa jikoni, chukua hesabu ya pishi hiyo. Ukigawa pishi kwa vinne, viganja viwili vilivyojaa, bila kuvibana wala kuvifungua kupita kiasi, ni mchele wa nusu kilo na zaidi kidogo. Vinatosha watu wanne au watano. Viganja vyako ni vidogo? Chota mara ya pili, nusu.

6. Vikombe vya watu wengine

Una ndugu Muscat, au Dar, mwenye sufuria ya umeme ya kupikia wali. Atakutumia sauti kwenye simu: "Dada, weka vikombe vitatu vya mchele, utawatosha." Usimfuate. Kile kikombe cha plastiki kinachokuja ndani ya sufuria ya umeme kina mililita 180, ni kipimo cha Kijapani kiitwacho gō, na mchele wake ni gramu 150 hivi. Vikombe vyake vitatu ni gramu 450, vyako vitatu ni gramu 600. Ukipika kwa maneno yake na kikombe chako, wali utazidi. Ukipika kwa maneno yako na kikombe chake, watu watalala njaa. Na Mkenya akikutajia gorogoro, ujue anazungumzia kopo la mafuta ya kupikia la kilo mbili, ambalo sokoni kwao lina maisha yake ya pili.

Ukiletewa kipimo cha mtu, usiulize kinaitwaje. Uliza kinajaza maji kiasi gani, kisha nane kwa kumi.

7. Mpaka niliousema

Haya yote ni kwa ajili ya sufuria lako. Fedha ya mtu ikiingia, weka kikombe chini, kamata mizani.

Kusini tunalijua hili kwa maumivu. Neno kangomba halihitaji kuelezwa kwa mtu wa Masasi, Newala wala Tandahimba, lakini naliandika kwa wageni. Mnunuzi anafika kijijini na bakuli lake, miezi ile ambayo chakula kimepungua na korosho bado haijafika mnadani. Anaita bakuli lile kilo. Mkulima anajaza, mnunuzi anatikisa, mkulima anaongeza, kilele kinapanda. Ukilipeleka bakuli lile kwenye mizani linavuka kilo. Tuseme linazidi kwa gramu 200 tu: kila bakuli tano, kilo nzima ya korosho imekwenda bure, tena kwa bei ambayo tayari ilikuwa ya chini. Mama anayeuza bakuli kumi leo anunue unga ametoa kilo mbili za zawadi kwa mtu asiyemjua jina.

Mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanza kwenye korosho za Mtwara mwaka 2007, ulikusudiwa pamoja na mengine kuziba tundu hilo: korosho inapimwa kwa kilo ghalani, inaandikwa, inauzwa kwa mnada kupitia vyama vikuu kama TANECU na MAMCU. Mwaka 2018 serikali ilipoamua kuzinunua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, wauzaji walihakikiwa kama kweli wana mashamba, na waliokamatwa kwa kangomba wakajikuta wana korosho nyingi na mikorosho hawana. Lumbesa ni ndugu yake. Gunia limeshonewa kofia juu, na bado linaitwa gunia moja, ingawa Sheria ya Vipimo inalikataza na Wakala wa Vipimo wapo kwa kazi hiyo.

Ninasema haya kwenye habari ya wali kwa sababu yalinikuta kwenye wali. Nilitumwa na kamati ya harusi kununua mchele, nikapimiwa madebe manne. Nilisimama pale nikayahesabu, nikayaona yamejaa mpaka ukingoni. Nyumbani yakapungua. Nikarudi na mjomba, akaomba kuliona debe lenyewe, akapitisha kiganja ndani mpaka kitakoni. Kitako kilikuwa kimegongwa kwa nyundo kikaingia ndani, kama sahani iliyopinduliwa. Nje debe zima, ndani limepungua kina cha vidole vitatu. Zile zilikuwa shilingi elfu mbilimbili za watu, wengine wameuza kuku ili wachange.

Kwa hiyo: ukinunua kwa fedha ya kamati, nunua kwa mizani, na hiyo mizani iwe na stika ya Wakala. Angalia mshale umeanzia sifuri. Ukilazimika kununua kwa debe, gusa kitako kwa mkono wako mwenyewe, na usione haya. Ukiuza, futa kwa kisu au pima kwa kilo. Mdanganye mgeni kwamba una mizani jikoni, hilo halimpunguzii tonge. Jirani usimpunje hata punje.

8. Watu wangapi

Gramu 125 za mchele mkavu kwa mtu mzima, yaani kilo moja watu wanane. Kama kuna ugali pembeni, au watoto ni wengi, kilo moja watu kumi. Mgeni mmoja mwenye njaa ya safari kutoka Mtwara mjini mhesabu kama mmoja na nusu.

Sherehe ya unyago au ya kutoka jando ni jambo jingine, maana aliyealikwa huja na ukoo. Njia ya panya ninayoitumia ni hii: ndoo moja ya lita 20, iliyosawazishwa, kwa kila watu 100. Ndoo hiyo ni kilo 16, na kwa gramu 125 inalisha watu 128. Wale 28 wa ziada hawajaalikwa, lakini watakuja.

Kumbuka sufuria. Kikombe kimoja cha mchele mkavu kinatoa vikombe vitatu vya wali. Ndoo yako moja itakuwa ndoo tatu ikiiva. Nimeona watu wazima wenye akili wakisimama usiku wa manane wanachota mchele nusu mbichi kutoka sufuria moja kwenda la pili kwa sababu walipima mchele na hawakupima sufuria. Gawa mapema.

Na kama bado umepungukiwa, usitangaze. Badilisha sahani kubwa kwa ndogo. Chukua bakuli dogo, lipake mafuta kidogo ndani, shindilia wali humo, libinue katikati ya sahani na ulivue taratibu. Wali unasimama kama kuba la msikiti, mchuzi unazunguka, na mgeni anajiona amepakuliwa kwa heshima ya pekee. Mtu hula kwa macho kabla ya tumbo. Wahudumie wakwe kwanza, na kuba lao liwe refu kidogo.

9. Maji

Utasikia "kikombe kimoja cha mchele, viwili vya maji". Kwa sufuria dogo juu ya mafiga, sawa. Ukiifuata kwa ndoo nzima utapika uji. Sababu ni kwamba mchele wenyewe hunywa maji yapata ujazo wake, moja kwa moja, na yaliyobaki ni ya kupotea kwa mvuke. Sufuria dogo linapoteza sehemu kubwa ya maji yake, sufuria kubwa linapoteza sehemu ndogo. Kwa lita 20 za mchele naanzia lita 28, naweka chungu cha maji ya moto kando, naongeza nikiona haja. Kuongeza maji ni rahisi, kuyatoa ni msiba. Tui la nazi lihesabu kama maji. Mchele mpya wa msimu huu upunguzie, wa mwaka jana uongezee.

Ukichanganyikiwa, tumia pingili. Mchele ukiwa umetulia chini ya sufuria, gusa uso wake kwa ncha ya kidole, maji yafike pingili ya kwanza. Wanaopika kwa pingili hawajui lita wala gramu, na sufuria zao hurudi tupu.

10. Ukiharibika

Wali utaharibika siku moja. Jiandae usoni kwanza, kabla ya sufuria.

Umebaki na kiini? Nyunyizia maji ya moto kiganja kimoja, funika, palia makaa juu ya mfuniko, punguza moto chini, ondoka jikoni robo saa. Ukisimama pale utafunua, na ukifunua unaupoteza mvuke.

Umezidi maji, umekuwa bokoboko? Chemsha choroko mpaka zilainike, zipo kila nyumba huku, changanya, tia tui na chumvi, ponda kwa mwiko. Sasa ni mseto, chakula kinachojulikana na kupendwa, na wewe ndiwe uliyeamua kuwapikia mseto tangu asubuhi.

Umeshika chini? Usikoroge, harufu itapanda juu. Hamisha wali wa juu kwenye sufuria jingine bila kugusa kitako. Chini utapata ukoko, waite watoto. Yule binti mkubwa atakataa kwa sababu ameambiwa kuwa mla ukoko hunyeshewa mvua siku ya harusi yake. Mbakizie kipande, atakifuata jikoni peke yake.

11. Jirani akija kuazima

Atabisha hodi jioni, ameshika kikombe chake. "Dada, niazime mchele kikombe kimoja, kesho nakurudishia." Hapa gramu zote nilizokufundisha ziweke pembeni. Mpimie kwa kikombe alichokuja nacho, na muombe arudishe kwa kikombe hichohicho. Usifute kwa kisu mbele yake. Mwachie kilele.

Kesho akirudi na kikombe kingine, kidogo kuliko cha jana, pokea kwa mikono miwili na umimine kirobani mbele yake, palepale, bila kuangalia ukingo. Muulize mtoto wake anaendeleaje na kikohozi.